Mstari wa Chini

Uso wa Bibi Helena uliijaza runinga ya Sulle pembe hadi pembe, na watu waliokuwa wakinywa chai katika hoteli ile ya Katesh wakaacha vikombe vyao hewani. Walimjua. Siku za soko walinunua maziwa kwake. Lakini huyu wa kwenye kioo alikuwa kama mtu mwingine: alitazamwa kutoka juu, amechuchumaa mavumbini na sketi yake ya ngozi, nzi akitambaa kwenye kope, na makunyanzi yake yamemulikwa hata yakawa mifereji. Kisha utepe mwekundu ukateleza kutoka kushoto, ukatulia chini ya kidevu chake. Ulikuwa na mistari miwili ya maandishi meupe. Wa juu ulibeba jina lake. Wa chini ulikuwa na neno moja tu: MVAMIZI.

Imakulata alilisoma.

Bibi Helena mwenyewe alikuwa ubavuni mwake kwenye benchi la mbele, alilopishwa kwa heshima ya uzee wake na ya siku hiyo. Alikuwa amejipaka mafuta, na bangili za shaba zilimeta mikononi. Hakujua kusoma. Alijitazama kama mtu anayeonyeshwa mgeni akaambiwa, huyu ni ndugu yako.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya mashamba ya ngano ya serikali, wakati kombaini zilizochakaa zilikuwa zimeanza kuota kutu na mashamba yakingoja mnunuzi. Kabla ya Bibi Helena, habari hiyo ya mashamba ilikuwa imemwonyesha meneja wa shamba, amevaa tai, ameketi nyuma ya meza pana, bendera begani kwake, na mpiga picha amemtazama kutoka chini kidogo, kama watazamwavyo watu wanaosimama majukwaani. Chini yake paliandikwa cheo chake chote, bila kupunguzwa hata herufi. Zikafuata nguzo za rangi ya dhahabu zilizoota kutoka sakafu ya kioo kuonyesha mavuno ya miaka ya neema, na baada yake vinguzo vyekundu, vifupi, vya miaka hii. Kisha ikaja ramani. Uwanda wote wa Hanang ulikuwa umepakwa rangi ya ngano, bila jina la mlima, la bwawa wala la kijiji, na kutoka pembeni mishale myekundu ilikuwa ikiingia katikati kama siafu. Mishale hiyo ndiyo ilikuwa wafugaji. Mchoraji hakujua, au hakujali, kwamba aliowachora wakiingia ndio waliokuwamo katikati tangu enzi za babu zao.

Ndipo uso wa Bibi Helena ulipotokea, midomo yake ikicheza, na sauti iliyotoka ikawa ya Imakulata.

“Ndiyo, tuliingia shambani na ng’ombe,” ilisema sauti hiyo. “Tutaingia tena.”

Picha ikakatika. Habari ikahamia kwenye mpira.

“Mbona mdomo ni wangu na sauti ni yako?” Bibi Helena aliuliza kwa Kibarabaig, lugha yao, ambayo hotelini pale wachache waliielewa.

“Ndivyo wanavyofanya, mama mkubwa. Ili wasiojua lugha yetu waelewe.”

“Nilisema mengi.”

“Muda wao ni mfupi.”

Bibi Helena alikubali kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea chenji pungufu kutoka kwa rafiki. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kioo, ingawa sasa palikuwa na vijana wakikimbiza mpira.

“Na yale maandishi niliyowekewa chini ya kidevu?”

Hata wasiojua lugha walielewa kidole. Sulle, mwenye hoteli, alikohoa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Huyu alikuwa mjane wa Gidahosh, kaka mkubwa wa baba yake Imakulata. Ndiye aliyemlea Imakulata baada ya mama yake kufariki. Ndiye aliyebishana na wanaume wa ukoo hadi Imakulata akapelekwa shule ya masista, na kwa sababu ya kusoma huko leo alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake, mtu aliyeitwa kila palipotakiwa ulimi wa pande mbili: zahanati, kanisani, ofisi ya kata. Waandishi wa televisheni walipokuja kutoka Arusha na Lendirova yao, walielekezwa kwake. Naye ndiye aliyekwenda kumbembeleza mama yake mkubwa.

“Wakikuona, watakusikia,” alikuwa amemwambia.

Aliyaamini maneno yale. Alikuwa ameona jinsi wakubwa walivyokurupuka jambo likitajwa kwenye habari. Kwa hiyo mwandishi, kijana mpole aliyeitwa Patriki, alipomwomba Bibi Helena avue kitenge chake avae ngozi, “ili picha ipendeze,” Imakulata alitafsiri bila kusita. Mpiga picha alipobaki amesimama juu ya gari na mama mkubwa akaambiwa achuchumae chini, alitafsiri vilevile. Na Bibi Helena alipojibu, kila neno lake Imakulata alilivusha zima: “Ndiyo, tuliingia shambani na ng’ombe, kwa kuwa njia ya maji ilipita hapo kabla ya ngano. Tutaingia tena, kwa kuwa mume wangu amelala humo. Nyinyi mnaona kichuguu, mnakilima. Ile ni bung’eda, kaburi la heshima. Ukoo mzima uliijenga kwa mikono, kwa udongo na miti, ikapanda kila mwezi hadi ikamtosha mzee. Siombi ngano. Naomba trekta lizunguke.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa yamesemwa. Yaliyobaki ni sentensi mbili na neno jekundu.

“Niambie, mwanangu,” Bibi Helena alisema. “Wameniitaje?”

“Mstari wa juu ni jina lako,” Imakulata alijibu. “Wa chini unasema wewe ni mwenyeji wa pale.”

Uongo ule ulimtoka laini, kama uzi mwororo katika tundu la sindano. Aliona uso wa mama mkubwa ukifunguka.

“Basi,” Bibi Helena alisema, akiinuka na kujifunga nguo yake vizuri. “Sasa nchi nzima inajua kaburi lile lina mwenyewe.”

Imakulata alimsindikiza hadi njia panda ya Nangwa, kulikokuwa na mji wa binti yake. Njiani alijifariji kwamba neno lisilosomwa halichomi, na kwamba picha za habari ni kama vumbi la gari, hutua na kusahaulika. Hakulala vizuri.

*

Kiangazi kilikuwa kimekolea siku Sulle alipokuja mbio kibandani, aproni ingali kiunoni.

“Imakulata, acha hiyo nguo. Mama yako mkubwa yuko polisi.”

Alimkuta katika chumba cha mahabusu, ameketi sakafuni wima kabisa, mgongo haugusi ukuta. Walikuwa wamemvua bangili zake. Imakulata alipiga magoti mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

Shikamoo ile ilibaki hewani bila marahaba.

“Nimekuletea maziwa.”

“Nilikuwa na pombe ya asali ya kummwagia mzee,” Bibi Helena alisema hatimaye. “Zamani nilikuwa napita kwenye majani marefu kama fisi. Safari hii nikasema, kwa nini nijifiche? Nimetangazwa. Nikaenda langoni, mchana, jua utosini. Mgambo aliponiona akacheka, akaita wenzake. Akaniambia, ‘Karibu, mvamizi.’ Nilikuwa naliona neno lile lile kinywani mwake na kinywani mwa wenzake, wote wanalisema, wote wananitazama. Nikajua ndilo lile la chini ya kidevu changu, ulilonisomea kuwa mwenyeji. Nikasema, ‘Asante.’”

Imakulata aliinamisha kichwa.

“Niliwashukuru, Imakulata. Wakazidi kucheka. Humu ndani ndimo nilimouliza maana yake, na mlevi mmoja anayejua lugha yetu ndiye aliyenieleza. Mlevi.”

“Sikutaka uumie.”

“Wao wamenitukana kwa lugha nisiyoijua. Wewe umenidanganya kwa lugha niliyokulea nayo.” Alikisukuma kibuyu kwa ncha za vidole, bila hasira, kama anayerudisha kitu kilicholetwa nyumba isiyo yake. “Siku ya kesi nitafutiwe mtu mwingine wa kunisemea.”

*

Lendirova ya televisheni ilikuwa nje ya mahakama asubuhi hiyo ya kesi. Patriki alimwona Imakulata kwa mbali, akamjia amenyoosha mikono yote miwili.

“Dada Imakulata! Nilikuwa nakutafuta. Leo utatusaidia tena?”

“Nani aliandika neno lile?”

Patriki alivua kofia yake. Hakujifanya haelewi. “Nafasi ni ndogo, dada. Mstari wa juu jina, wa chini cheo. Kila anayeonekana lazima awe na cheo, la sivyo mtazamaji hajui amsikilize vipi.”

“Mkazi ni neno fupi kuliko mvamizi.”

“Mimi niliandika mkazi. Haki ya Mungu. Mhariri akaniuliza, mkazi wa wapi? Kwenye ramani hapo hakuna kijiji. Nikakosa jibu.”

“Ramani mliichora wenyewe.”

Patriki aliizungusha kofia vidoleni. Alikuwa kijana mwema. Hilo ndilo lililomkera Imakulata zaidi, kwa kuwa mtu mbaya angempa mahali pa kuitupa hasira yake.

“Na maneno yake mengine? Kaburi? Trekta lizunguke?”

“Yalikuwa mazuri sana. Tuliyapenda, kweli. Lakini habari ilikuwa ya kuuzwa kwa mashamba, si ya makaburi.” Uso wake ukachangamka ghafla. “Ila leo mambo yana nafuu. Madhali yuko mbele ya hakimu, kumwita mvamizi kabla ya hukumu hakuruhusiwi. Nimeshazungumza na mhariri. Tutaandika ‘Mshtakiwa.’”

Alilisema kama mtu aliyeleta zawadi. Imakulata alimpita, akaingia ndani.

Mkalimani aliyepatikana alikuwa Margwe, mzee Mwiraqw mnunuzi wa mifugo, aliyejifunza Kibarabaig minadani. Alijua rangi zote za ng’ombe, umbo la pembe, na namna ya kukataa bei bila kuudhi. Maneno ya msiba hakuwa nayo. Bibi Helena alipoulizwa kama ana la kusema, alisimama akazungumza kwa utulivu, tangu siku walipoanza kuijenga bung’eda hadi siku jembe la trekta lilipoipasua ubavu. Imakulata, kwenye viti vya nyuma, alisikia kila neno, na kila neno lilijigeuza Kiswahili kinywani mwake, likagonga meno.

Margwe alijifuta jasho. “Mheshimiwa, anasema alikwenda kutazama kilima chake.”

Watu wakacheka.

“Kilima chake?” hakimu aliuliza. “Kwa hiyo anadai na kilima?”

“Ndivyo anavyosema, mheshimiwa. Na kwamba… mzee wake alikipenda.”

“Si kilima!” Imakulata alikuwa amesimama bila kujijua. “Mheshimiwa, ni kaburi, ni…”

“Wewe ni nani katika shauri hili?”

Alitazama mbele. Mama mkubwa hakugeuka.

“Si yeyote, mheshimiwa.”

“Basi keti, au utoke.”

Akaketi. Karani akaandika kilima.

Hukumu haikuchukua muda. Kwa kuujali uzee wa mshtakiwa, hakimu alimwachia kwa onyo. Asikanyage tena ardhi ya shamba, na akikanyaga atakwenda jela. Nje, mpiga picha aliteremka ngazi akitembea kinyumenyume mbele ya Bibi Helena, mpaka akaridhika, akazima mtambo wake na kwenda kutafuta kivuli.

Bibi Helena alimshika Margwe mkono. “Hakimu amesemaje mwishoni?”

Margwe alikuna kidevu. Alikuwa amechoka, na alimhurumia. “Amesema mambo yamekwisha, mama. Uende nyumbani.”

“Amesema niende nyumbani?”

Imakulata, aliyesimama hatua chache nyuma, aliuona uso ule ukianza kufunguka tena, kama siku ile hotelini. Ingetosha anyamaze. Margwe alikuwa amekwisha kumfanyia kazi yote, na kwa wema.

“Hapana, mama mkubwa,” alisema. “Hakusema hivyo tu. Amesema usikanyage tena shambani. Ukikanyaga, utafungwa.”

Margwe alimkata jicho. Bibi Helena aligeuka taratibu.

“Na kaburi?”

“Hakulitaja.”

“Nilimweleza.”

“Aliambiwa ni kilima.”

Upepo uliteremka kutoka mlimani, ukapeperusha vumbi la barabarani na makapi ya ngano yaliyodondoka kwenye malori. Bibi Helena alimtazama mtoto aliyemlea, akimpima kama apimwavyo ndama aliyerudi baada ya kupotea, kama ni yule yule au ni wa watu wengine.

“Hayo ndiyo yote?”

“Ndiyo yote.”

Hakushukuru. Alijitanda nguo yake ya bega, akaenda hadi barabara kuu. Mkono wa kushoto njia ilielekea Nangwa, kwa binti yake, ambako bila shaka uji ulikuwa umeinjikwa wakimngoja. Mkono wa kulia ilielekea Basotu na mashamba ya ngano. Bibi Helena alisimama hapo kidogo, akageuka kulia.

“Mama!” Margwe aliita. “Mama, si huko!”

Imakulata alikuwa na gauni la bibi harusi juu ya cherehani, na wenyewe walikuwa waje kulichukua jioni hiyo. Alilikumbuka, akaliacha lipite. Akashika njia ile ile, nyuma ya mama yake mkubwa, kwa umbali ambao mtu akiitwa anasikia.

Hakuitwa.