Ndege Iliyokaa Kitako

Gundi ilipokauka, Tokihiko aliisimamisha ndege ya plastiki mezani kwa magurudumu yake matatu. Pua ikainuka polepole, mkia ukatua chini.

"Imekaa kitako!" mkewe Fusae alicheka. "Kama mtoto wa mwaka mmoja aliyebebeshwa mochi, ile keki nzito ya mchele ya siku ya kuzaliwa, mgongoni."

"Cheka tu, mama. Nimesahau kutia uzito puani, na mwili nimeshaufunga."

Jioni hiyo ndege ilitakiwa kwenye maonyesho ya chama cha mtaani cha waunda ndege za plastiki, na ndiyo ya kwanza aliyomaliza tangu astaafu.

"Iwekee kijiti chini ya mkia. Nani atajua?"

"Mimi."

Hakuuvunja mwili. Aliigeuza ndege, akatoboa tundu dogo ndani ya kishimo cha gurudumu la mbele, mahali ambapo jicho halifiki. Akapitishia humo risasi ndogo za mshipi wake wa kuvulia, mojamoja, na kila baada ya moja akaisimamisha ndege kuijaribu. Fusae, aliyezoea kuuita mchezo huu utoto, aliacha kumenya chungwa. Vidole vya mzee huyu havikutetemeka wala havikuharakisha.

Hatimaye pua ikashuka, ikabaki chini. Tokihiko akadondoshea gundi tunduni ili risasi zisicheze.

Gundi iliposhika, Fusae aliubonyeza mkia, akauachia. Pua ikarudi chini yenyewe.

"Vaa koti, baba," alisema. "Ndege nitaibeba mimi. Wewe unajikwaa ngazini."