Kuku Hapokelewi kwa Adabu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025, manyunyu yalipokwisha kukatika juu ya mtaa wa Mbugangari, jirani na mpaka wa Goma, na mawingu yakiwa bado yameukalia mlima, Mwalimu Rutagengwa aliwapanga watoto ishirini wa darasa la kwanza katika mstari ulionyooka kama rula. Alikuwa na mipira sita laini, filimbi moja na siku tatu. Mwalimu mkuu, Madamu Donatille, alikuwa amemweleza waziwazi: Ijumaa atawarushia watoto mpira yeye mwenyewe, na wasipoudaka angalau nusu yao, kipindi cha michezo kitageuzwa kuwa cha hesabu.

Rutagengwa alisomea shule ya bweni kule Kagera, ambako shati lisilochomekwa lilikuwa kosa la jinai. Wiki ya kwanza ya muhula aliitumia yote kuwafundisha watoto hawa namna ya kupokea daftari kwa mkubwa: macho chini, goti likunjwe kidogo, mkono wa kushoto uushike wa kulia, kisha shukrani. Walifuzu wote.

"Macho kwenye mpira! Viwiko vikunjwe, mikono iwe kikapu!" aliamuru, akamrushia mpira Munezero, binti wa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani.

Munezero akainamisha kichwa, akakunja goti, akanyoosha kiganja. Mpira ukamgonga utosini, ukadundia mtaroni.

"Murakoze, Mwalimu," akashukuru.

Wa pili naye akagongwa, naye akashukuru. Alipofika wa tisa, Rutagengwa alikuwa na hakika kwamba anafanyiwa dhihaka iliyopangwa.

"Mnanichezea? Vyema. Leo hakuna mapumziko. Mtasimama hapa dakika kumi na tano, kimya."

Kwizera, mdogo kuliko wote, akainua kidole. "Mwalimu, mi nilikosea wapi? Nilisema murakoze muzuri kabisa."

"Kimya!"

Dakika zilipotimia na watoto wakaingia darasani, Diane, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa dirishani akijifuta machozi ya kicheko.

"Bon, kaka yangu, unawaonea bure. Si ni we uliwafundisha? Mukubwa akikupa kitu, macho chini! Hata ungewarushia tofali, wangekushukuru."

Rutagengwa akalegeza tai yake.

Jumatano alikuja uwanjani bila tai, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuja bila suruali.

"Nani kwao wanafuga kuku?"

Mikono ikajaa hewani.

"Kuku akitoroka, unamwambia murakoze?"

"Hapanaaa!"

"Unatazama chini?"

"Ukiangalia chini, atavuka barrière, atafika Goma bila kitambulisho!" akasema Munezero.

"Unamushika na mikono yote mbili," akaongeza Kwizera, "halafu unamukumbatia hapa." Akajipiga kifuani.

Rutagengwa akainua mpira. "Huyu ndiye kuku."

Akaanza kwa kuubiringisha chini, kisha akaudundisha mara moja, kisha akaurusha hewani, kwanza kutoka hatua mbili, baadaye nne. Hadi Alhamisi jioni, kuku walioishia mtaroni walikuwa wachache.

Ijumaa Madamu Donatille alifika na karatasi yake, akasimama mbele ya Munezero, akainua mpira. Mtoto akamtazama mkubwa wa shule nzima, macho yakashuka na goti likaanza kukunjika. Rutagengwa akaliona. Akasimama wima, mikono ubavuni kama yuko gwarideni, akatetea kama kuku, kwa sauti kubwa: "Kokokokooo!"

Munezero akainua macho, akaudaka mpira uliorushwa, akaukumbatia.

Ikambidi mwalimu atetee mara kumi na tisa zaidi. Waliodaka walikuwa kumi na wanne.

"Kipindi cha michezo kinabaki," akasema Madamu Donatille bila kutabasamu. "Lakini Mwalimu, hiyo sauti iko kwenye mutaala?"

"Tangu leo, Madamu."

Alipoondoka, Rutagengwa aliwageukia watoto. Kipindi kilichofuata kilikuwa chake mwenyewe, cha kusoma, na watoto walikwisha kuanza kujipanga kuingia.

"Simameni. Jumanne niliwanyang'anya mapumziko ya dakika kumi na tano kwa kosa lililokuwa langu. Mimi sikai na cha mtu. Nawalipa sasa hivi. Nendeni mkacheze."

Wakatawanyika kwa kelele. Yeye akabaki na saa yake mkononi, akihesabu, na dakika ya kumi na tano ilipotimia akapuliza filimbi.

"Ongeza kidogo, Mwalimu!" Kwizera akasihi. "Mbili tu!"

"Deni limekwisha," akasema Rutagengwa. "Ingieni darasani."