Soseji ya Bibi Solange

Katika mambo ya soseji, Hinnerk Brüggemann hakukubali kuelekezwa na mtu. Alikuwa na bucha mjini Osnabrück mpaka magoti yalipomgomea, na mtaani kwake hapakuwa na nyumba ambayo haikuwahi kula soseji aliyoijaza kwa mikono yake. Basi Bibi Solange alipouleta ubao wa vyakula na kuuegemeza kwenye kiti kilichokuwa kitupu, Hinnerk aliupitishia macho mara moja tu, akaweka kidole.

"Hiyo. Andouillette. Si soseji hiyo?"

"Ni soseji, Bwana, lakini hii ya kwetu ina mambo yake. Ningekushauri..."

"Bibi, mimi nimeanza kutengeneza soseji wewe hujazaliwa. Lete."

Wiebke, binti yake wa pekee, alimkanyaga mguu chini ya meza. Tanguy, kijana wa Kifaransa aliyetaka kumwoa Wiebke na kuhamia naye Lyon, aliinamisha macho kwenye kitambaa cha meza. Yeye ndiye aliyeuchagua mkahawa huu wa Kifaransa wenye meza chache, ambamo mume wa Bibi Solange alipika huku akiimba ovyo na wateja wakimsikia. Wote watatu walijua kilichowaleta. Majira yote ya kuchipua Wiebke alikuwa akisubiri baba yake atamke neno moja kuhusu Lyon, na kila mara mzee alizungumzia mvua. Hakumchukia kijana. Aliogopa tu Jumapili ambazo kengele ya mlango wake isingelia, na hofu hiyo ilimfanya awe mkali hata kwa watu aliowapenda.

Harufu ilitangulia sahani. Hinnerk aliitambua papo hapo, maana ilikuwa harufu ya asubuhi za kuchinja, ya beseni na maji ya moto. Alipoipasua soseji, vipande virefu vya matumbo vilimwagika kwenye mchuzi wa haradali. Maisha yake yote utumbo ulikuwa mfuko wa kutilia nyama. Kumbe hapa ndio uliokuwa nyama yenyewe.

Alijikaza, akatafuna tonge la kwanza. La pili lilikwama, akalisukuma kwa divai.

"Vipi, Baba?" Wiebke aliuliza, mdomo ukimcheza.

"Ina... ladha."

"Mbona jasho linakutoka?"

"Humu mna joto, wewe!"

Angeweza kuirudisha sahani, lakini angeona aibu gani mbele ya mkwe mtarajiwa, tena kwa soseji! Hapo Tanguy akaipeleka sahani yake ya kuku katikati ya meza.

"Bwana Brüggemann, naomba tubadilishane. Nimeitamani sana hiyo yako. Huku Ujerumani naipata kwa nadra."

Hinnerk alijifanya anasitasita, kisha akaiachia sahani upesi kuliko heshima ilivyoruhusu. Kuku alikuwa mlaini. Alikula kwa raha, na alipoinua macho alimwona kijana akitafuna polepole, midomo imempauka, huku akitabasamu.

Bibi Solange alikuwa akipita na mkate. Akasimama, mkono kiunoni.

"Wee Tanguy! Si wewe uliyenipigia simu juzi ukasema tukupikie chochote ila hiyo? Ukaniambia tangu utotoni ukiinusa tu tumbo linakugeuka?"

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Wiebke akafunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Hinnerk peke yake hakucheka. Alimtazama kijana huyu aliyekuwa akila kitu asichokiweza ili mzee mwenye kiburi asiaibike. Mtu wa namna hii, alifikiri, hatamwacha Wiebke alale na huzuni.

Akanyoosha kisu, akaikata soseji iliyobaki katikati, akachukua nusu kubwa.

"Tutaimaliza pamoja. Wewe huko, mimi huku. Na ukitapika, mimi sikujui."

"Sawa, Bwana Brüggemann."

"Na hilo la Bwana liache." Hinnerk alisafisha koo. "Niite Hinnerk."

Wiebke aliacha kucheka. Mjini kwao mzee hakuwapa watu jina lake ovyo, na akishampa mtu, basi huyo ni wa nyumbani. Tanguy aliweka uma chini, akafuta mikono, akalitamka jina lile kwa uangalifu, ingawa ulimi wake wa Kifaransa uliimeza herufi ya kwanza.

"Asante... Innerk."

Hinnerk aliitikia kwa kichwa. Kando yake Wiebke alikuwa akilia bila kujificha, machozi yakidondokea viazi vyake, na mzee akajua kuwa moyoni binti yake ameshaondoka kwenda Lyon. Akamsogezea mkate.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kinapoa."