Giaboksi ya Safari ya Lackawanna

Naanza kwa jina la Mola, aumbaye pasi na kipuri na kurejesha pasi na fundi. Rehema zimshukie Mtume na aali zake.

Wahusika ni watatu. Nagib, mzee wa Kiyemeni wa Hamtramck, mji wa viwanda vya magari, aliyezeekea kiwandani akiunga giaboksi. Qasim, nduguye wa tumbo moja, mgonjwa mahututi mjini Lackawanna, mwisho wa ziwa, mwendo wa saa nyingi kwa gari. Na Musaid, fundi muuza vipuri.

Qasim alipiga simu: "Njoo tuonane kabla sijafa." Gari la Nagib nalo lilikuwa limekufa giaboksi.

"Ami Nagib, zipo za namna tatu," alisema Musaid. "Ya mtumba, imetolewa kwenye gari lililogongwa, ilivyo ndivyo. Iliyofunguliwa na fundi mwenzangu, akabadilisha vilivyochakaa. Na iliyofanywa upya kiwandani. Ila hiyo yaja wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitamkuta kaburini! Nipe ya fundi."

"Basi ngoja nimuulize alibadilisha nini. Lile duara la mafuta, linaloiunga na injini—"

"Wanifundisha mimi? Ulikuwa unanyonya, nami nazifunga! Funga, mwanangu. Maneno hayapandishi gia."

"Haya, bwana mkubwa, nimenyamaza," Musaid alicheka, akafunga.

Kiwandani, kila kilichopita mikononi mwa Nagib kilikuwa kipya. Hakuwahi kuona giaboksi kuukuu ikifunguliwa, wala hakujua kuwa fundi aweza kuirudishia duara lile lile, chenga za chuma zimo tumboni mwake. Na kuuliza aliona ni kujivunjia heshima.

Kesho yake, njiani kwenda Lackawanna, mji wa Cleveland ukiwa nyuma, injini ilinguruma na gari lisisogee. Alisimama pembeni, kwenye theluji iliyochanganyika na chumvi imwagwayo barabarani kuiyeyusha, akampigia Musaid.

"Mafuta yana rangi gani, ami?"

"Meusi. Yanametameta."

"Hizo ni chenga za chuma, zimetoka kwenye lile duara. Hukuniacha nimalize. Nakuja kukuchukua."

Kabla Musaid hajafika, simu ya Nagib ililia. Alikuwa mtoto wa Qasim.

"Ami, baba ametutoka. Alikuwa akiuliza tu, 'Nagib kafika?' Tunamswalia baada ya alasiri. Uko wapi?"

Nagib aliigeukia barabara ya Lackawanna. Malori yakampita, yakimrushia matope.

Ewe Mola, mrehemu Qasim, uwape subira wanawe, na umtulize moyo Nagib, pamoja na wote waliobakia njiani.