Daraja la Bi Mkubwa

Kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, dereva mstaafu alitoka nje na taulo begani, akapiga magoti kwenye kokoto za uani na kulivuta beseni la bluu lililolala chini ya injini. Ndani yake mlikuwa na oili, kwa kawaida kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Aliichuja kwa kipande cha soksi, akairudisha juu ilikotoka, akafunga kifuniko na kusema, "Umeamkaje, Bi Mkubwa?"

Bi Mkubwa hakujibu, maana alikuwa gari.

Alikuwa gari la kijani, mraba kama kabati la nguo, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne siku ambazo magurudumu yote manne yalikubaliana. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na moja. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mkanda wa suruali. Mvua iliponyesha, ndani kulilowa kwanza. Alichemsha akipanda mlima, alichemsha akishuka, na mara moja alichemsha akiwa ameegeshwa kivulini, hajafanyiwa lolote.

Dereva hakuwahi kukiri kwamba gari lake ni bovu. Mjini walikuwepo watu wengine watatu wenye magari ya aina hiyo: fundi bomba, daktari wa meno na mama mmoja muuza mbegu. Wanne hao walikuwa na lugha yao. Gari lao haliharibiki, linapumzika. Halivuji, linatoa jasho. Kila Jumapili walikusanyika kwenye ua wa mmoja wao, wakalala wote chini ya gari moja, miguu minane ikabaki nje, na jioni wakatoka wakiwa na furaha tele na nati mbili zilizobaki. Sheria yao ilikuwa moja tu: neno "kuuza" halitamkwi mbele ya gari. Mwenye shida ya kulitamka aingie ndani, afunge dirisha na kufungulia bomba la maji.

Mke wa dereva alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakujiunga na chama hicho.

"Nilipoolewa nilimkuta," aliwaambia walimu wenzake. "Yeye ndiye bi mkubwa, mimi ni bi mdogo. Mkitaka ushahidi, angalieni nani ananunuliwa vitu vipya."

Alisema kweli. Dereva alimwendesha Bi Mkubwa tangu akiwa mali ya Idara ya Barabara, na siku walipostaafishwa wote wawili alimnunua kwenye mnada, akamleta nyumbani na kumfunika shuka la kitandani.

Shule ya Mwalimu ilikuwa ng'ambo ya mto. Kwa macho ilikuwa karibu sana. Ukisimama ukingoni uliweza kusoma ratiba ya vipindi ukutani. Kwa gari ilikuwa kilometa thelathini na moja, kwa sababu daraja lililotumika lilikuwa kule chini, karibu na kiwanda cha matofali.

Hapa karibu pia palikuwa na daraja, ila lilikuwa kwenye makaratasi. Kwenye ramani ya Idara lilichorwa kwa wino mweusi, maana yake limekamilika. Lilijengwa kwa muda wa miezi ishirini na miwili, lote juu ya boneti ya Bi Mkubwa. Kila mwisho wa mwezi, mhandisi wa wakati ule, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Idara, alipelekwa hadi ukingoni. Alishuka, akayaonea kinyaa matope, akatandaza karatasi kwenye boneti kwa kuwa ilikuwa bapa na ya uvuguvugu, akasaini. Mwezi wa tatu zilisimama nguzo. Mwezi wa kumi na sita lilimwagwa zege la sakafu. Mwezi wa mwisho ziliwekwa kingo, kushoto na kulia. Dereva alizishika karatasi pembeni ili upepo usizipeperushe, kisha akajaza kitabu cha safari: "Kukagua daraja." Naye akasaini, mara ishirini na mbili. Alikuwa dereva, na kazi yake ilikuwa kuangalia mbele.

Alhamisi moja, Mwalimu alirudi nyumbani na barua ya tatu ya onyo kutoka kwa mwalimu mkuu. Akichelewa mara moja tena, atahamishiwa shule ya mbali ambako hata barua hufika zimezeeka. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu," alisema. "Tunamuuza."

Dereva aliangusha spana. "Mwalimu! Si ungesemea ndani?"

"Nimesemea hapa ili asikie."

Kwenye rejeta kitu fulani kilishusha pumzi ndefu.

Kesho yake ilikuwa siku ya mtihani, na ufunguo wa sanduku la mitihani alikuwa nao Mwalimu. Bi Mkubwa aliwaka kwa mara ya kwanza tu, jambo lililomtia dereva wasiwasi. Mwalimu alipanda na rundo la madaftari, akatoa kalamu nyekundu na kuanza kusahihisha.

Kwenye njia panda, dereva alizungusha usukani kushoto, kuelekea njia ndefu. Bi Mkubwa alikwenda mbele. Dereva aliuzungusha tena, ukazunguka vizuri kabisa, lakini magurudumu hayakushughulika nao. Wakateremka njia ya mtoni. Breki za Bi Mkubwa zilitaka kukanyagwa mara tatu. Dereva alipofika mara ya pili, ukingo ulikuwa nyuma yao.

Sauti ya matairi ilibadilika. Ule mtikisiko wa changarawe uliisha, ikawa mvumo mzuri wa barabara iliyojengwa na watu waliolipwa vizuri.

"Tumefika mtoni?" Mwalimu aliuliza bila kuinua macho.

"Tuko juu yake."

"Endelea hivihivi basi. Kalamu imetulia."

Walipofika katikati, injini ilikohoa mara mbili na kuzimika.

"Amepumzika," alisema dereva.

"Saa moja na dakika thelathini na tano," alisema Mwalimu.

Dereva alijua tatizo ni pampu ya mafuta, na dawa yake ni kuigonga kwa mpini wa nyundo, na kuigonga lazima ushuke. Akafungua mlango. Chini aliona maji ya kahawia, gogo moja likipita, na mvushaji amekaa kwenye mtumbwi wake akinywa chai. Dereva aliteremsha mguu mmoja, polepole, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Mguu ukakanyaga zege. Lilikuwa zege zuri, saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne, kama ilivyoandikwa. Akateremsha na wa pili, akafungua boneti na kuanza kugonga.

"Mzee!" aliita mvushaji kutoka chini. "Gari lako linavuja!"

"Anatoa jasho tu!"

"Basi jasho limeingia kwenye chai yangu!"

"Samahani, ndugu! Sogea kidogo kulia!"

Mvushaji akasogea kidogo kulia. Pampu ikazinduka. Saa moja na dakika arobaini na tano walikuwa getini mwa shule, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama pale na saa mkononi, alilazimika kujifanya anaangalia hali ya hewa.

Mwalimu alifunga kalamu yake lakini hakushuka.

"Ulijua pale pana daraja?"

"Nilijua kwamba hapana."

Akamweleza yote, boneti na matope na miezi ishirini na miwili. Mwalimu alisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyepata jibu bila kuonyesha njia.

"Kwa hiyo miaka kumi na tisa nazunguka kule kwenye matofali kwa sababu ulishika karatasi."

"Nilishika pembe tu, Mwalimu."

"Karatasi ina pembe nne. Ulishika ngapi?"

Dereva alitazama usukani. "Zote. Upepo ulikuwa mkali."

Mwalimu alipanga madaftari yake, akayakumbatia. Kisha akashuka, akafunga mkanda wa suruali wa mlango, na kabla ya kuondoka aliipiga boneti kofi moja dogo, kama unavyomgusa mtu mliyenuniana muda mrefu.

"Saa tisa uje unichukue," alisema. "Na usinipitishe kwenye matofali."

Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu alifika na mnyororo. Nyuma yake walikuja fundi bomba, daktari wa meno na mama wa mbegu, wamevaa nguo za msibani. Mwalimu aliwakuta wote getini.

"Gari limeshauzwa," alimwambia mnunuzi.

"Kauziwa nani?"

"Mimi."

Mama wa mbegu alilia kwa sauti. Daktari wa meno alisema tangu mwanzo alijua shemeji yao ana moyo, akaomba chai.

Tangu siku hiyo Bi Mkubwa alivuka mto kila asubuhi. Wanafunzi tisa walipanda ndani, wengine sita walishika bampa la nyuma na kutembea, na maadamu hawakuachia, viatu vyao vilibaki vikavu. Waliobaki walivushwa na mvushaji, au walizunguka kwenye matofali, kama zamani. Siku Bi Mkubwa alipopumzika, ambazo zilikuwa siku mbili kwa wiki, wote walizunguka kwenye matofali. Magari mengine hayakupita. La fundi bomba, la aina ileile na mwaka uleule, lilijaribu na kuingia majini hadi kwenye taa. Halikuwahi kuwa la serikali. Bi Mkubwa alikulia serikalini, na mambo yaliyosainiwa juu yake aliyaamini.

Mwezi wa pili tangu hapo alikuja mkaguzi wa serikali. Alikuwa kijana mwenye faili la zamani na viatu vipya, na alimkuta dereva ukingoni akimpooza Bi Mkubwa kwa ndoo ya maji.

"Mzee wangu, shikamoo. Hapa pana daraja?"

"Marahaba. Hapana."

"Na hili gari linapita wapi?"

"Juu ya karatasi," alisema dereva. "Mimi ndiye niliyezishika. Andika na hilo."

Mkaguzi aliandika, na dereva alimtazamia tahajia mpaka mwisho. Alijisikia mwepesi, kama aliyetoa jiwe kwenye kiatu.

Lakini Mkuu wa Idara naye alikuwa amefika, na wajumbe wawili wa kamati, wazee aliosaini nao enzi zile. Mkuu aliwasalimia wote vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akatoka ukingoni akitembea juu ya hewa. Alitembea bila haraka, mikono nyuma, wajumbe wakimfuata. Walipofika katikati alisimama, akarukaruka mara mbili.

"Kijana, unaona? Liko imara. Njoo na wewe."

Mkaguzi alikuwa mtu mwaminifu, hajawahi kusaini asichokiona. Alipiga hatua moja, akazama hadi kiunoni. Mvushaji alimtoa kwa kasia.

"Ungesaini kwanza," Mkuu alimwambia kwa huruma. "Ungepita vizuri tu."

Mkaguzi alikataa. Alikamua suruali, akaweka faili lake kichwani na kuondoka kwa njia ya matofali, na kila mtu alimsifu kwa msimamo wake. Taarifa ya kamati ilisema kwamba wajumbe walisimama juu ya daraja wakaridhika nalo, na kwamba mkaguzi alipata matatizo binafsi ya viatu. Faili likafungwa.

Kabla ya kuondoka siku ile, Mkuu alikumbuka kwamba kingo hazijawahi kupakwa rangi. Fungu la fedha za rangi lilikuwepo. Akatoa karatasi mbili, moja ya ukingo wa kushoto na moja ya ukingo wa kulia, akazitandaza kwenye boneti ya Bi Mkubwa na kutoa kalamu.

"Dereva, nishikie hapa. Upepo."

Dereva aliingiza mikono mfukoni.

"Nimestaafu, mheshimiwa," alisema.

Mkuu aliikandamiza karatasi ya kwanza kwa kiwiko, akasaini. Alipokuwa anapuliza wino ukauke, upepo uliichukua ya pili, ukaipeleka mtoni, na mvushaji akaiopoa, akafunikia kikombe chake.

Jumatatu asubuhi Bi Mkubwa alipumzika katikati ya daraja. Dereva alishuka na nyundo. Wanafunzi tisa waliendelea kukariri, sita waliendelea kushikilia bampa, na Mwalimu aliyekuwa ametoa kiwiko dirishani aliendelea kusahihisha mpaka alipotaka kufungua ukurasa. Kwenye mkono wa blauzi yake palikuwa na mstari mpana wa njano.

"Nini hii?"

"Usiguse. Rangi mbichi."

"Nani amepaka?"

"Hakuna aliyepaka."

Mwalimu alinusa mkono wa blauzi, akaomba kitambaa chenye mafuta ya taa, akajifuta. "Na upande wa pili?"

Dereva aliinua kichwa kutoka kwenye injini, akatazama upande wa kulia wa daraja, kuanzia ukingo huu mpaka ule.

"Wa pili bado."

"Wizi mtupu," alisema Mwalimu, akamrudishia kitambaa na kufungua daftari lililofuata. "Gonga kwa nguvu, Mzee. Saa moja na arobaini."