Unamwiga Nani?

Mnada wa vyungu ulikuwa umekwisha Matema Jumamosi ile, lakini watu hawakuondoka. Kikundi cha maigizo kutoka Kyela mjini kilikuwa kinajiandaa pale mchangani kando ya ziwa, na kwa kuwa mzee mmoja alikuwa amewaita wacheza ngoma, kiongozi wao Angetile alitaka kwanza waeleweke.

"Sisi ni waigizaji," alisema. "Neno lenyewe linatoka kwenye kuiga. Unamwona mtu, unamwiga, halafu unaigiza mbele ya watu ili na wao wamwone. Hakuna uchawi hapo."

Wakacheka. Mchezo ukaanza.

Nelson alicheza mume. Aliingia, akaonja wali, akakuta umepoa. Hakufoka. Alivua mkanda taratibu, akauzungusha kwenye ngumi, kifungo chake cha chuma kikabaki nje. Kisha akamwambia Doreen, aliyecheza mke, kwa sauti ya upole kabisa: "Funga mlango, mama."

Mkanda ulikuwa unapiga mkeka tu, lakini Doreen alilia hadi wanawake wakaziba masikio. Watu wakaanza kugeuza shingo kumtazama Godwin, mvuvi wa hapo hapo, aliyeketi na mkewe Jeni. Msichana mmoja akaropoka, "Jamani, si Godwin huyo!"

Godwin alinyanyuka na kafi lake la mtumbwi mkononi.

"Nani kakutuma uniige mimi?"

Kafi lilitua mdomoni mwa Nelson. Alianguka, akatema meno mchangani. Pigo la pili likamvunja mbavu. Watu wakapiga makofi. Walidhani Godwin naye yumo kwenye mchezo, na umenoga.

"Sikujui, kaka," Nelson alisema, damu ikimchuruzika hadi shingoni. "Namwiga baba yangu."

Godwin akasita. Aliwatazama watu, nao wakamtazama, na hapo akajua ni yeye mwenyewe aliyejitaja. Akamgeukia mkewe. "Umewaambia!" Akamkamata Jeni shingoni, akamburuta hadi ziwani, akamzamisha kichwa.

Makofi yakafifia. Hakuna aliyesogea.

"Huu si mchezo!" Angetile alipiga kelele. "Anamuua!"

Mama yake Jeni, Damari, alikuwa anafunga vyungu vyake ambavyo havikununuliwa. Alichukua kikubwa kuliko vyote, akaingia nacho majini, akampasulia mkwewe kichwani. Godwin akamwachia Jeni, akamrukia mama mkwe. Damari alikuwa amebaki na kipande cha ukingo mkononi. Alimchana nacho shavu, kuanzia sikioni hadi mdomoni, meno yakaonekana.

Hapo ndipo wanaume walipopata miguu. Walimvuta Godwin nchi kavu, wakamshushia makafi, mateke, mawe. Mguu wake ulivunjika kwa mlio kama wa kuni. Wangemmaliza.

"Mwacheni!" Jeni alikuwa amepiga magoti, anatapika maji. "Asife. Nataka ayaseme aliyonitenda mbele ya polisi, mimi nikiwa nasikia."

Walimwacha, kwa shida. Kijana mmoja alimpiga teke la mwisho hata baada ya kukatazwa.

Jioni, kwenye zahanati, Nelson na Damari walikaa benchi moja wakisubiri kushonwa, Nelson mdomo, Damari kiganja kilichokatwa na kile kipande cha chungu. Jeni alikuwa chumba cha ndani, na Godwin alishapelekwa Kyela chini ya ulinzi.

"Ndaga, mwanangu," Damari alimshukuru. "Bila wewe ningeendelea kumwambia binti yangu avumilie. Nilimrudisha kwa yule mtu mara nyingi." Akaitazama mikono ya Nelson. "Baba yako yupo?"

"Alishafariki."

"Na wewe, umeoa?"

Nelson aliugusa mdomo wake uliovimba.

"Hapana, mama. Naogopa. Ile sauti ya kusema 'funga mlango', sijawahi kuifanyia mazoezi. Inatoka yenyewe."

Muuguzi alipoita, Damari alimwambia amshone kijana kwanza, akamshika Nelson mkono wakaingia pamoja.