Trekta la Siku Moja

Rugaibula alilala chali chini ya tela, akakaza mnyororo wa nne mpaka ukalia. Kisha akatoka akalisukuma trekta kwa bega. Halikutikisika. Tangu alfajiri alikuwa amelisogeza mbele mara tatu, mpaka uzito ukaegemea kidogo shingo ya tela. Ungebaki nyuma, tela lingeitingisha pikapu yake ndogo kama mbwa anavyotingisha mkia.

"Ta Rugaibula, ni saa mbili hii," Joviana alimhimiza kutoka ndani ya gari. Alikuwa katibu wa kikundi cha wajane, na kibali cha trekta alikuwa amekikunja na kukishika kifuani. Wilaya ilikuwa imewapa siku moja tu. Kesho saa nne asubuhi lilitakiwa kuwa limerudi Bukoba. Dizeli waliyogawiwa ilitosha kulima, haikutosha kutembea, ndiyo maana likapandishwa kwenye tela lililoachwa na jeshi baada ya vita. Kule Muleba wanawake kumi na mmoja walilisubiri kwenye rweya, mbuga ya kijiji ambayo hakuna tena aliyekuwa na nguvu ya kuivunja kwa jembe. Mvua zilishapiga mara mbili.

Njiani watu walisimama na kuvua kofia. Mwaka wa tatu sasa pikapu ile ilibeba majeneza mengi kuliko ndizi. Walipoliona trekta nyuma yake walicheka kwa aibu.

Kizuizini askari alitaka magunia yake matatu ya mkaa yawekwe mwishoni mwa tela. Rugaibula alimweleza taratibu kwamba uzito wa mkiani ungeinua nyuma ya pikapu, na mteremkoni wasingesimama.

"Unanifundisha kazi, mzee? Paki pale."

Ghafla, kwa maneno ya askari, kibali kikakosa muhuri. Joviana alikwenda huku na huko, akitazama kivuli cha trekta kikifupika. Hatimaye akamwinamia Rugaibula dirishani.

"Yapakie tu, waitu," alimsihi.

"Likianguka utalimia nini?"

Saa saba alikuja mkubwa wa yule askari. Aliitazama pikapu kwa muda mrefu. Ndiyo iliyomrudisha mdogo wake nyumbani kuzikwa. Akainua kizuizi mwenyewe, bila kumwangalia mtu.

Rugaibula aliteremka vilima kwa gia ya pili, akasimama mara mbili kugusa kila mnyororo. Joviana aliuma pindo la kanga.

Walifika saa kumi. Rweya ilikuwa tupu. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani mbele ya nyumba ya Kokwijuka, mmoja wa wajane wa kikundi. Protase, kitinda mimba wake, alikata roho saa saba. Siku ya msiba hakuna anayegusa udongo mpaka mtu azikwe. Rugaibula alipiga mahesabu kimyakimya: bila kucheleweshwa na magunia yale, wangekuwa wamekwishaanza kulima kabla hajafa.

Karugendo, mkubwa wa ukoo, alisema warudi wiki ijayo.

"Wiki ijayo litakuwa kwingine," Joviana alijibu, akakaa chini kando ya gurudumu.

Kokwijuka akatoka, ameshikwa huku na huku. Aliuliza trekta linabaki mpaka lini. Mpaka asubuhi, wakamwambia.

"Ma Kokwijuka," Karugendo alianza, "desturi..."

"Mwezi wa nane tulimzika Benigna, hatukulima. Mwezi wa tisa Mujuni, hatukulima." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nina wajukuu tisa pale jikoni. Nenda kawaulize wao."

Karugendo hakwenda. Hata hivyo hakuna aliyeinuka, mpaka Joviana aliposimama na kuanza kufungua mnyororo wa nyuma.

"Acha huo," Rugaibula alimwambia polepole. "Tuweke kwanza mawe kwenye magurudumu."

Injini ilipowaka, kilio ndani ya nyumba kilinyamaza kidogo, kisha kikaendelea juu ya mngurumo. Rugaibula alikata mfuo wa kwanza huku jua likishuka. Ingewezekana ekari moja, labda na nusu. Kesho angelirudisha trekta mjini, kisha angerudi na jeneza la Protase. Kwa mzigo huo asingehitaji minyororo.